TalkBack kwa Aliyepoteza Kuona Ghafla: Tathmini ya Rafiki kutoka Busia

Katika vitu vyote ambavyo sisi marafiki tumempelekea mwenzetu tangu macho yake yalipozima, kilichomfaa kuliko vyote hakikununuliwa, kwa kuwa kilikuwa tayari ndani ya simu yake. Ni TalkBack, programu ya Google inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya simu ya Android. Ilianza kutolewa mwaka 2009, na siku hizi huja na simu nyingi bila malipo yoyote. Ninaitathmini kwa jicho la rafiki anayekaa kando ya mtu ambaye bado anajifunza kuishi upya, kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata yameandikwa kwa ajili ya watu waliozaliwa bila kuona au waliokwisha kuzoea, na hayamsaidii sana aliyekuwa akiona wiki iliyopita.

Mwenzetu huyo, tunayemwita Hajji sote sokoni, ni mfanyabiashara wa mahindi na maharagwe hapa Busia, upande wa Uganda. Kisukari kilikuwa kimelidhoofisha jicho lake la kushoto kwa muda mrefu, naye akawa anafanya kazi zake zote kwa jicho la kulia, hadi siku moja mishipa midogo iliyokuwa imeota ndani ya jicho hilo ilipopasuka na damu ikatanda mbele ya kila alichokitazama. Madaktari wa macho mjini Tororo walimweleza kwamba damu peke yake ingeweza kuondolewa, lakini retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea picha, ilikuwa imevutwa na kubanduka kwa muda ambao hakuna aliyeutambua. Amebaki akitofautisha mchana na usiku.

Jamaa zake, kwa huruma kabisa, waliichukua simu yake kubwa wakampa katochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kwa hoja kwamba vitufe vyake vinapapasika na kwamba namba 5 ina kinundu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mtu anayetaka kupiga na kupokea simu tu. Lakini katochi ile haikuweza kumsomea ujumbe, na kwa hiyo kila ujumbe ulioingia ulisomwa kwa sauti na mpwa wake wa shule ya msingi, sebuleni, mbele ya yeyote aliyekuwapo. Ujumbe wa mteja anayeomba kuongezewa siku za kulipa, ujumbe wa kaka anayeomba ada ya mtoto, ujumbe wa kliniki kuhusu kiwango cha sukari, vyote vikawa habari ya nyumba nzima na ya wageni waliokuja kutoa pole. Baada ya muda akaacha kuomba asomewe. Wenye nyumba walidhani amekata tamaa kwa sababu ya macho, nami nilipoketi naye nikaona kwamba lililomlemea zaidi ni kukosa kabisa jambo linalomhusu yeye peke yake. Kwa hiyo kipimo changu katika tathmini hii ni kimoja: je, programu inamrudishia mtu mambo yake mwenyewe mikononi mwake?

Nianze na sauti, kwa sababu wengi huiacha programu hii siku ya kwanza kwa ajili yake. Simu nyingi zinazouzwa kwetu hutoka dukani zikizungumza Kiingereza, na sauti ya Kiingereza inapokutana na ujumbe wa Kiswahili hutoa mlolongo wa silabi ambao hata aliyeuandika ujumbe hawezi kuutambua. Google ina sauti ya Kiswahili, ambayo hupakuliwa mara moja penye intaneti nzuri, kisha husoma hata bando likiisha. Sauti hiyo haina hisia, na hupita kwenye nukta kama dereva asiyeona tuta, lakini husoma majina ya Kisamia, Kiteso na Kiganda vizuri kuliko ile ya Kiingereza, kwa kuwa majina hayo huandikwa karibu kama yanavyotamkwa. Ujumbe wa Kiingereza nao huharibika ukisomwa na sauti ya Kiswahili, na kwa watu wa mpakani, ambao hupokea lugha mbili au tatu kabla ya chai ya saa nne, jambo hili si dogo. Dawa yake ni kuweka chaguo la lugha kwenye vidhibiti vya kusoma, ili mtu abadilishe sauti kwa kidole bila kurudi kwenye mipangilio. Mwendo wa kusoma uwekwe taratibu mwanzoni. Waliozoea huuharakisha hadi mgeni asikie mvumo tu, lakini aliyeanza jana anahitaji kulisikia kila neno.

Namna ya kuitumia inakwenda kinyume na mazoea ya mtu aliyekuwa akiona. Kugusa kitu mara moja hakukifungui, ila hukitaja kwa jina. Anayetaka kukifungua hugusa mara mbili kwa haraka, popote kwenye skrini. Kutelezesha kidole kulia kunampeleka kwenye kitu kinachofuata, kushoto kunamrudisha kilichotangulia, na vidole viwili kwa pamoja hupandisha au kushusha ukurasa. Akitaka kurudi nyuma hutelezesha chini kisha kushoto kwa mkupuo mmoja, na akitaka kwenda mwanzo wa simu hutelezesha juu kisha kushoto. Hayo machache yanatosha kwa wiki za mwanzo. Programu ina ishara nyingi zaidi, zikiwamo za vidole vitatu na vinne, lakini kumrundikia mtu aliyefiwa na macho yake ishara zote kwa siku moja ni kumtesa.

Anayetaka kumfundisha rafiki ajifunze kwanza mwenyewe, na ajifunze skrini ikiwa imefichwa, jambo ambalo TalkBack inaliruhusu kwenye menyu yake: skrini inakuwa nyeusi kabisa huku simu ikiendelea kufanya kazi. Bila hivyo macho yatadanganya, na somo litajaa maneno kama "bonyeza kile cha kijani pale juu," ambayo kwa Hajji hayakuwa na maana yoyote. Mwalimu anapaswa kusema kwa maneno ya simu yenyewe: "Hajji, telezesha kulia mpaka usikie Tuma, kisha gusa mara mbili." Ugumu wetu wa kwanza ulikuwa katika kugusa huko mara mbili. Vidole vyake, vilivyozoea sindano ya kushonea magunia, viligusa mara moja, vikatulia, vikagusa tena, na simu ikahesabu miguso miwili iliyoachana. Tukaiweka simu pembeni, tukafanya mazoezi juu ya meza, nikipiga mimi kwanza naye akisikiliza mdundo wake, kisha akiurudia, hadi ubao ukatoa sauti ileile kwa wote wawili. Niliporudisha simu mkononi mwake ilimtii. Sikumshika kidole, na ninawasihi wengine wasishike. Wanaofundisha kumwongoza asiyeona njiani husema kwamba yeye ndiye anayekushika juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yako, nawe humvuti. Kwenye skrini utaratibu ni huohuo: kidole ni chake.

Masomo yawe mafupi. Kusikiliza mashine kwa makini kunachosha kichwa kuliko kusoma, na mtu aliye katika majonzi huchoka upesi zaidi. Kuna siku Hajji aliniambia, "Leo niache, ndugu yangu," nami nikaiacha simu tukazungumza habari za bei ya mahindi. Siku hizo zisihesabiwe kuwa hasara, kwa kuwa rafiki anayegeuka kuwa mwalimu tu amempunguzia mwenzake rafiki mmoja.

Jaribio kubwa kwa mfanyabiashara wa kwetu ni fedha za simu, na hapa ndipo programu ilipoonyesha nguvu zake na mipaka yake kwa pamoja. Menyu zinazofunguliwa kwa nyota na reli husomwa na TalkBack, lakini husomwa tangu mstari wa kwanza, na menyu yenyewe haimsubiri mtu: ukichelewa kujibu hujifunga, na unaanza upya. Msikilizaji mpya hufika katikati ya orodha na mlango ukafungwa. Tulilolifanya ni kumfundisha mpangilio wa menyu kwa moyo, ili akisikia imefunguka aandike namba ya chaguo bila kungoja isomwe yote. Kichwa cha mtu aliyekariri bei za miji mitatu kwa miaka mingi hakikushindwa na orodha hiyo. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Sanduku la kuandikia namba ya siri katika menyu hizo huchukuliwa na simu kama sanduku la kawaida, na kwa hiyo tarakimu zinaweza kutamkwa wazi kila anapozigusa. Visikilizi vya masikioni ni lazima, hata vya bei rahisi, tena kimoja tu sikioni ili sikio la pili libaki likisikiliza bodaboda na watu. Skrini ifichwe pia. Msaidizi naye asimame mbali wakati huo, hata kama anaaminika kama ndugu, kwa sababu mtu aliyepoteza kuona hivi karibuni amekwisha kulazimika kuwaamini watu wengi mno kwa wakati mmoja bila kuulizwa.

Mara ya kwanza alipojitumia fedha kutoka laini moja kwenda nyingine, ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia mpwa wake alisimama kama kawaida yake aje kuusoma. Hajji akamwambia kwa upole, "Mwanangu, nimeshausoma." Shemeji alikuwa mlangoni na sinia la chai, akasimama hapohapo. Hakuna aliyeuliza salio lilikuwa kiasi gani.

Katika WhatsApp programu inafanya kazi vizuri: hutaja jina la aliyeandika, saa na maneno yenyewe, na wateja wengi wa Hajji sasa wanamtumia ujumbe wa sauti. Kwa kujibu hutumia kibodi ya Google, ambayo tangu mwaka 2017 inaandika Kiswahili kinachosemwa, na TalkBack humsomea kabla hajatuma. Udhaifu hutokea katika programu nyingine ambazo watengenezaji wake hawakuvipa vitufe vyao majina. Huko kisomaji husema tu kwamba hapa pana kitufe kisicho na jina, kisha kingine kisicho na jina, na mtumiaji hubaki kama aliyeingia kwenye ghala la milango isiyoandikwa. Kosa hilo ni la waliotengeneza programu hizo, na TalkBack imeweka njia ya kulipunguza: mtu anaweza kukipa kitufe jina lake mwenyewe, nalo likasomwa kila mara baadaye. Hiyo ni kazi nzuri kwa rafiki anayeona. Kaeni pamoja jioni moja, yeye ataje programu anazozihitaji, nawe uvipe vitufe majina anayoyapendelea yeye.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwenye simu. Wiki kadhaa baada ya kurudi kutoka hospitali, Hajji alianza kuona vitu: maua madogo yakipanda ukutani, na mara nyingine watu wafupi waliovaa mavazi ya rangi, wakipita kimya. Hakumwambia mkewe, kwa kuhofia kwamba ataitiwa wa kumwombea au ataambiwa akili zimeruka. Aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, tukiwa peke yetu kwenye benchi la nje. Hali hiyo inajulikana kwa madaktari kwa jina la Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva aliyeiandika mwaka 1760 baada ya kuiona kwa babu yake, mzee aliyekuwa na akili timamu lakini macho yake yameharibika. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni huweza kuzitengeneza zake, na mwenye hali hiyo kwa kawaida anajua kwamba anachokiona hakipo. Ningeweza kumweleza yote hayo, nikamweleza kwa ufupi. Lakini nilimtumia pia makala ya Kiingereza kwenye simu, naye akabadilisha sauti, akatia kisikilizi, akaisikiliza mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, akairudia. Siku iliyofuata alimweleza mkewe, na kwenye kliniki akamuuliza daktari bila kupitia kwa mtu. Daktari ndiye anayepaswa kulithibitisha jambo kama hilo, hasa kwa mwenye kisukari, kwa kuwa maono yana sababu nyingine pia. Ninachokisema ni kwamba alikwenda kuuliza akiwa amekwisha kusoma.

Yapo ambayo TalkBack haiyawezi na haikutengenezwa kuyaweza. Haimwoneshi mtaro wala baiskeli ya mizigo inayokuja kutoka forodhani, na kwa hayo hakuna mbadala wa fimbo nyeupe na mtu wa kumfundisha kuitumia. Fimbo ndefu na mbinu yake ya kupapasa ardhi mbele ya kila hatua vilianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale Richard Hoover alipowafundisha wanajeshi wa Marekani waliopofuka, na fimbo fupi ya mzee ya kuegemea haiwezi kuifanya kazi hiyo. Noti nazo tunazitambua kwa mkono: noti za Uganda zinatofautiana ukubwa, naye Hajji huzikunja kila aina kwa namna yake baada ya kuhakikishiwa mara moja na mtu anayemwamini. Tumejaribu pia Be My Eyes, programu ya bure iliyoanzishwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, mwenyewe mwenye uoni hafifu, ambayo ilianza mwaka 2015 na kuingia kwenye Android mwaka 2017. Humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemwonea kupitia kamera. Inafaa kwa kusoma tarehe kwenye dawa au kujua shati lipi ni jeupe, ila hula bando kwa kuwa ni simu ya video, na haifai kuonyeshwa nyaraka za fedha.

Wapo waliotushauri tuanze na Braille, yale maandishi ya nukta zilizoinuka zinazosomwa kwa vidole. Ni maandishi ninayoyaheshimu, na mtoto asiyeona asinyimwe kwa hoja kwamba simu zipo. Lakini kisukari huchukua pia hisi za ncha za vidole kwa wagonjwa wengi, na Hajji ni mmoja wao: nukta zile zinamtelezea. Ishara za TalkBack hazihitaji kidole chenye hisi kali, zinahitaji mwendo tu, na kwa mtu mzima aliyepofuka kwa sababu hiyo tofauti hii inaamua mengi.

Anayetaka kuianza azingatie simu yenyewe. Simu dhaifu sana huchelewa kutamka, kidole kinatangulia na sauti inafuata baadaye, na mwanafunzi hudhani amekosea ilhali ni mashine iliyokawia. Bora simu yake ileile aliyoizoea, yenye majina yake yote ndani, kuliko mpya ya zawadi iliyo nzito kutumika. Washeni njia ya mkato ya kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia, kwa sababu jamaa wanaoona watakaoshika simu hiyo watagusa mara moja, wataona haifunguki, na watatangaza kwamba imeharibika. Waonyesheni namna ya kuizima na kuiwasha, nao wataacha kuipeleka kwa fundi. Kwa mtu asiyesikia vizuri haitoshi peke yake. Inaweza kuunganishwa na kifaa cha Braille cha nje, lakini bei ya vifaa hivyo iko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. Anayetafuta watu waliokwisha kupita njia hii aulizie Chama cha Kitaifa cha Wasioona Uganda, kilichopo tangu mwaka 1970 na ambacho kina wanachama katika wilaya nyingi, kwa sababu maneno ya mtu asiyeona anayeendesha biashara yake yalimwingia Hajji kwa kina ambacho yangu hayakufika.

Kwa kipimo nilichokiweka, programu hii imefaulu, na ningeipendekeza iwashwe katika wiki ya kwanza mtu anaporudi nyumbani kutoka hospitali, kabla simu yake haijagawiwa kwa mwingine. Kilichobaki nje ya uwezo wake kwa Hajji ni daftari la madeni, ambalo ni la karatasi na bado linaandikwa na binti yake. Tunalihamishia kwenye kompyuta, tukitumia NVDA, kisomaji cha bure cha Windows kilichoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, nayo nitaiandikia tathmini yake Hajji atakapokuwa ameitumia msimu mzima wa mavuno.